Bariera ya Nuru

Saa moja asubuhi napanda paa la zahanati, Rusayo,
na kitambaa cha pamba, na maji kidogo ndani ya bidoni.
Usiku mlima umetema vumbi. Kioo cha chombo,
kidogo kama ukucha wa dole gumba,
kimeamka na tongo.
Nakipangusa polepole.
Mabati ninayokanyaga yameliwa na mvua ya chumvi kali;
hatua moja mbaya, nitashukia juu ya kitanda cha mgonjwa.

Kisha jicho linageuka lenyewe,
toka upande wa Sake hadi upande wa Kibati,
digrii kwa digrii, likinywa mbingu.
Halina taa. Taa yake ni jua.

Na nuru haivuki moshi bure.
Fikiria barabara ya Sake: kila bariera na kamba yake,
huyu anataka makala, yule anataka viazi,
ukifika sokoni gunia limelegea,
na mnunuzi mjuzi akilipapasa tu anajua
umepita kwa nani.
Ndivyo ilivyo salfa: haichukui kila rangi.
Inatoza urujuanimno, ile nuru tusiyoiona,
na inatoza palepale, kila siku, kama askari asiyebadilishwa zamu.

Kompyuta inachora mstari wenye meno,
msumeno wa fundi wa chukudu.
Watu hudhani nasoma meno.
Nasoma mapengo.

Leo: tani elfu tatu kwa siku,
kama upepo ni ule niliokisia.
Upepo niliukisia.

Sikujua (ndilo jina lake, mama wa nyumba ya tatu)
alinisubiri chini ya ngazi.
Mbuzi wawili wamelala bondeni nyuma ya shule,
hawana jeraha, midomo bado ina majani.
"Mazuku," alisema. "Chombo chako kiliyaona?"

Nikaanza kueleza. Kwamba mazuku ni mazito,
hayapandi, yanatuama kwenye mashimo kama maji;
kwamba kaboni bariera yake iko ng'ambo ya wekundu,
njia nyingine kabisa, isiyopitwa na jicho hili;
kwamba jicho hili limeumbwa kutazama juu...
"Kumbe," akasema. "Na sisi tunafia magotini."

Akachukua kopo la nyanya, akatia kaa la moto,
akalifunga kamba ya nailoni, tukaenda.
Akalishusha shimoni taratibu,
kama mtu anayechota kisimani asichokiamini.
Kaa likawa jekundu. Likawa kahawia.
Likawa jiwe.
Akabana kamba kwa vidole pale pale lilipozimia,
akaipima mwilini mwake: chini kidogo ya kitovu.
"Mtoto wa darasa la kwanza," akasema,
akapaka jiwe la ukingoni majivu meupe.
Hakukisia upepo.

Usiku kreta inawaka, mawingu yamevaa damu ya ng'ombe,
Goma nzima iko nje na magodoro yamekunjwa,
simu yangu inalia: Bauma wa Majengo, shangazi wa Birere,
hata yule aliyenikopa akanikimbia.
"Mlima unasemaje?"
Nawaambia ukweli, hawaupendi:
giza likiingia, chombo changu ni kipofu.
Saa ile nyote mnaona moto,
mimi nangoja jua.

Asubuhi nikajaza fomu ya ofisi.
Tani, pembe, mawingu. Upepo: kadirio.
Kwenye nafasi ya mwisho nikaandika:
*Bonde nyuma ya shule. Kaa la makala limezimika
chini kidogo ya kitovu cha mama mmoja.*
Wakanijibu kabla ya mchana:
safu hiyo ni ya hali ya hewa tu, tafadhali futa.

Sikufuta.
Leo kaa limezimika kifuani.
Nimeandika tena.